Uchambuzi wa kisa: Kwaya ya Kisumu iliyopasuliwa na orodha ya harusi

Kisa hiki kinahusu chama cha muziki chenye makao yake Kisumu. Majina, mtaa na tarehe kamili vimeondolewa, na viwango vya pesa vimesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa kwaya, bendi na vikundi vya ngoma vinavyoendeshwa kwa michango ya wanachama.

Usuli

Chama kilianzishwa na vijana waliomaliza shule wakiwa wameimba pamoja katika tamasha za muziki. Kwa miaka ya mwanzo waliimba bila kulipwa, wakaalikwa kwenye ibada, mahafali na mazishi, na polepole wakaanza kupata kazi za harusi. Wakati mgogoro ulipozuka daftari lilikuwa na majina 52, na waliokuwa wakihudhuria kwa kawaida walikuwa 40: soprano 12 na alto 11 (sauti za juu na za chini za wanawake), tena 7 na besi 6 (za juu na za chini za wanaume), na wapiga ala 4, yaani kinanda, nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo) na ngoma mbili. Mazoezi yalifanyika jioni mara mbili kwa wiki katika ukumbi wa kukodi ulioezekwa mabati.

Kila mwanachama alilipa shilingi 300 kwa mwezi. Mwezi mzuri ulileta shilingi 12,000, na kodi ya ukumbi peke yake ilimeza karibu 8,000. Kilichobaki kilikwenda kwenye nakala za nyimbo na ukarabati wa kinanda. Mwanachama akifiwa na mtu wa karibu, kila mmoja alitoa shilingi 200, na wengi walikuwa tayari wamefutwa machozi na mchango huo. Hili ni jambo la kukumbuka mtu anaposoma yaliyofuata, kwa sababu ndilo lililowafanya watu wakae miaka mitano au sita katika kwaya ambayo haikuwahi kuwapeleka popote.

Kazi za kulipwa zilikuwa mbili au tatu kwa mwezi, zikiongezeka Agosti na Desemba. Mteja wa kawaida hahitaji watu 36. Nafasi kanisani au hemani ni ndogo. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya alikuwa akichagua waimbaji 16, wanne kwa kila sauti, pamoja na mpiga kinanda na mpiga ngoma mmoja. Walikuwa karibu wale wale kila mara. Wanachama wenyewe waliwaita kikosi.

Katiba ya chama ilieleza kwa kirefu namna ya kumfukuza mwanachama. Kuhusu nani anakwenda kuimba harusini na pesa zinagawanywaje, haikuwa na hata sentensi moja.

Mambo yalivyofuatana

Desemba kwaya iliimba katika harusi kubwa nje ya mji. Siku iliyofuata mweka hazina aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba chama kimepokea shilingi 30,000, kila mwimbaji wa kikosi amepewa 1,000 na mfuko umebaki na 12,000. Usiku huo mwimbaji mmoja wa alto, ambaye jirani yake ni jamaa wa bibi harusi, aliandika kwamba familia ililipa 45,000, akauliza zile 15,000 zimeenda wapi.

Zilikuwa zimetumika kihalali. Gari lilikodiwa kwa 6,500, spika na maikrofoni za ziada kwa 7,000, chakula na maji vikagharimu 1,500. Lakini mwalimu wa kwaya, ambaye pia alikuwa mwenyekiti, ndiye aliyepokea pesa kwa simu yake na kulipa kila kitu papo hapo, na alikuwa na risiti ya spika peke yake. Alijibu kwa hasira kwamba amefanya kazi ya bure miaka saba na hawezi kuhojiwa kama mwizi. Ujumbe huo ulifanya wale waliokuwa wanauliza kwa upole nao waanze kushuku.

Kufikia katikati ya Januari waimbaji wanne wa tena kati ya saba walikuwa wameacha kuja. Watatu hawakuwahi kuwa katika kikosi. Wa nne alikuwa kiongozi wa sauti yao. Soprano na alto wakaanza kukaa mbalimbali hata wakati wa chai. Michango ya mwezi ilishuka hadi shilingi 7,000, na ukumbi ukadaiwa.

Muziki nao ulianza kuonyesha dalili. Wimbo mmoja wa dakika nne unaoimbwa bila ala, unaoanzishwa katika ufunguo wa F, ulikuwa ukimalizika karibu toni nzima chini ya ulipoanzia. Waimbaji watatu wa tena waliobaki walikuwa wanapiga kelele ili wasikike, na soprano wakawajibu kwa kuongeza nguvu. Alto walizama katikati.

Hatua mbili za kwanza

Kamati iliitisha siku ya maombi na chakula cha pamoja. Watu walikuja, wakala, wakasikiliza mahubiri kuhusu umoja, wakarudi nyumbani na swali lao la shilingi 15,000. Hatusemi maombi hayana nafasi. Kwaya hii iliombea mazoezi yake tangu mwanzo na inaendelea kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba mahubiri yaliwaomba walioumia wasamehe kabla ya mtu yeyote kuwaonyesha hesabu. Wawili kati yao walisema baadaye kwamba siku ile ndiyo waliyoamua kuacha kulipa.

Februari kamati ilijaribu nidhamu: faini ya shilingi 50 kwa kila anayechelewa mazoezi ya saa kumi na moja na nusu. Waliochelewa walikuwa wauza duka wanaofunga saa kumi na mbili, mhudumu wa hospitali mwenye zamu, na dereva wa bodaboda ambaye saa hizo ndizo za abiria. Kwa maneno mengine, faini iliwaangukia wale ambao kikosi hakikuwachukua. Mtu anayelipa 300 kwa mwezi, hapelekwi harusini, kisha anatozwa 50 kwa kuchelewa kufanya mazoezi ya nyimbo za harusi, ana haki ya kujiuliza anafanya nini pale. Faini ilikusanya shilingi 650, kisha ikaachwa.

Alichokiona msuluhishi

Machi chama kilimwomba mwalimu mstaafu wa muziki, asiye mwanachama wala jamaa wa yeyote katika kamati, awasikilize. Alikubali kwa sharti moja: ahudhurie mazoezi matatu akiwa kimya, ndipo azungumze na kila sauti peke yake, bila viongozi. Sharti hilo lilikuwa la busara, kwa sababu aliingia kwenye mazungumzo akiwa na mambo aliyoyaona, hakutegemea malalamiko peke yake.

Alipima muda kwa saa. Katika mazoezi ya dakika 120, dakika 25 zilipita wakisubiri watu, 20 zilikuwa za matangazo na maonyo, na alto walikaa dakika 18 mfululizo bila kuimba huku waimbaji wa tena wakifundishwa mstari wao. Waimbaji walikaa katika makundi manne yaliyoelekea kwa mwalimu: tena nyuma ya soprano karibu na ukuta, besi upande wa pili karibu na mlango. Waimbaji wa tena hawakuweza kuisikia besi, na besi ndiyo sauti ambayo wengine wote wanaitumia kupima kama wako sawa. Kwaya ambayo sauti zake hazisikiani itashindana hata kama watu wake wanapendana.

Alichunguza pia kushuka kwa ufunguo. Kwa kawaida kwaya hushuka kwa sababu chache zinazojulikana: pumzi isiyoegemezwa, noti inayorudiwa na kulegea kila inaporudiwa, mi na ti (katika solfa, yaani noti za do, re, mi, fa, so, la, ti) zinazoimbwa chini kidogo wakati wa kupanda, na hatua za kushuka zinazofanywa pana kupita kiasi. Hewa nzito na vichwa vilivyoinamia karatasi huongeza. Zote zilikuwepo. Lakini palikuwa na sehemu moja ambapo mteremko ulianza kila mara, na hapo ndipo kisa kinapofundisha zaidi.

Katika ubeti wa pili wimbo unahama ufunguo kwa muda na kutua kwenye so. Alto wanatakiwa kuimba fe, yaani fa iliyopandishwa nusu toni, kabla ya kuingia so. Mwalimu wa kwaya alikuwa akisimamisha wimbo pale na kusema, "Alto, mnashuka," kisha wanaanza upya. Msuluhishi aliomba wimbo uimbwe na watu wanne tu, mmoja kwa kila sauti, kisha wanne wengine, hadi watu wote wapite. Mama mmoja wa alto, mwanachama wa miaka minne ambaye hakuwahi kupelekwa kazini, aliimba fa ya kawaida, wazi kabisa. Hakuwa na sikio baya. Alikuwa amejifunza wimbo kwa kumfuata jirani siku alizofika, na siku ya mstari huo alikuwa zamu. Alirekebishwa kwa dakika kumi: so–fe–so polepole, kisha la–so–fe–so, kisha maneno. Alto wengine watatu walikuwa na kosa lile lile.

Kwa miaka minne hakuna aliyemwambia. Katika kundi la watu 11 kosa lake lilifunikwa, na kwa kuwa hakupelekwa kazini hapakuwa na sababu ya mtu kulitafuta. Mwalimu wa kwaya alijua tu kwamba "hako tayari". Mama yule alijua tu kwamba hapendwi. Wote wawili walikuwa wakizungumzia noti moja bila kujua.

Maamuzi ya Aprili na sababu zake

Mkutano mkuu uliitishwa Aprili, ukahudhuriwa na watu 33. Ulianza na hesabu ya harusi ya Desemba, mstari kwa mstari. Mwenye gari alipigiwa simu mbele ya wanachama akathibitisha kiasi alichopokea. Jambo hilo lilichukua dakika kumi, na lingeweza kufanyika Desemba.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutenganisha kazi. Mwalimu wa kwaya aliacha uenyekiti na akaacha kupokea pesa. Malipo yote sasa yanaingia kwenye nambari ya M-Pesa ya chama, na kutoa pesa benki kunahitaji sahihi mbili kati ya tatu. Ndani ya saa 48 baada ya kazi, katibu anatuma karatasi moja kwa wanachama wote, hata wasioenda, yenye mambo haya:

- jina la kazi na kiasi kilichokubaliwa na mteja kwa maandishi
- kila gharama na picha ya risiti yake, au nambari ya muamala wa simu
- majina ya walioimba na alicholipwa kila mmoja
- kilichoingia mfukoni

Mgawanyo uliwekwa hivi: gharama kwanza, kisha salio ligawanywe asilimia 50 kwa walioenda, 30 kwa mfuko wa chama na 20 kwa mafunzo na ala. Kwa harusi ya Desemba, salio la 30,000 lingetoa 15,000 kwa watu 18, yaani takriban 830 kwa kila mmoja badala ya 1,000. Waliokuwa kikosini walilalamika, na walikuwa na hoja. Walichukua siku nzima ya Jumamosi, wengine wakifunga biashara zao. Jibu la mkutano lilikuwa kwamba sare, spika ndogo na nakala wanazotumia vimenunuliwa na michango ya wote, kwa hiyo wote wanadai sehemu ya faida. Kura ilipita 21 kwa 9, na watatu hawakupiga.

Uamuzi wa pili ulihusu nafasi. Chama kiliorodhesha nyimbo 12 za harusi. Mwanachama yeyote anaweza kuomba kufuzu wimbo kwa kuuimba katika kundi la watu wanne, mmoja kwa kila sauti, mbele ya viongozi wa sauti tatu ambazo si yake. Anapewa do mara moja. Akianza bila kusaidiwa, akashika mstari hadi mwisho bila kuvutwa, na akakumbuka maneno, amefuzu. Akishindwa anaambiwa palepale ni mstari upi na noti ipi. Majaribio hufanyika mara mbili kwa mwezi na matokeo hubandikwa ukutani. Aliyefuzu nyimbo nane anaingia kwenye zamu ya kazi.

Kwa nini viongozi wa sauti nyingine? Kwa sababu kiongozi wa alto anaishi na alto wake. Ana rafiki humo na ana aliyekosana naye. Kiongozi wa besi anasikiliza kama mstari wa alto unakaa juu ya wake au haukai.

Uamuzi wa tatu ulipanga mazoezi upya. Saa ya kuanza ilisogezwa hadi saa kumi na mbili na robo, na kumaliza saa mbili kamili, kwa hiyo muda ulipungua hadi dakika 105. Dakika 10 ni za pumzi na kupasha sauti, 35 kila sauti inajifunza peke yake na kiongozi wake, 50 za kuimba pamoja na 10 za matangazo, mwishoni, kwa sababu matangazo yakiwa mwanzo hugeuka mjadala. Wimbo ukishajulikana, watu wanasimama kwenye duara wakiwa wamechanganyika, pasipo majirani wawili wa sauti moja. Kila wimbo usio na ala hupimwa kwa kinanda unapomalizika, na tofauti huandikwa ubaoni.

Mvua kubwa ikipiga mabati hawaimbi. Kuimba juu ya kelele hiyo huharibu koo na kuwafunza watu kupaza sauti. Wakati huo wanasoma solfa kwa ishara za mkono, zile zilizoenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, na kupiga makofi ya mapigo magumu. Msimu wa masika, hii imekuwa njia yao bora ya kuwafundisha wageni kusoma.

Mwisho, kila mwanachama mpya au asiyefuzu alipewa mwenzake aliyefuzu, wa sauti ile ile, kwa wiki sita. Anayefundisha hupewa shilingi 300 kutoka mfuko wa mafunzo kwa kila wimbo ambao mwanafunzi wake anafuzu. Kiasi ni kidogo, lakini kilibadilisha mwelekeo wa mtu mwenye sauti nzuri: zamani kila mgeni aliyefaulu alikuwa tishio kwa nafasi yake.

Jambo la nyatiti

Hapa kamati ilikosea, na inafaa kulieleza kwa urefu.

Kanuni ya kwanza iliwahesabu wapiga ala kwa idadi ya nyimbo walizopiga. Mpiga nyatiti, mzee aliyekuwa na chama tangu mwanzo, alipiga nyimbo mbili au tatu tu katika kazi ya nyimbo 12, akalipwa robo ya mwimbaji. Juni alisema hatakuja tena. Wengine walidhani ni kiburi cha uzee.

Nyatiti ina nyuzi nane. Desturi yake ni kufungwa kulingana na sauti ya anayeiimbia. Katika chama hiki mpiga kinanda alibadilisha ufunguo kila wimbo ili kuwafaa soprano: huu F, ule A bemoli, unaofuata B bemoli. Kinanda hubadilika kwa kugusa kitufe. Mzee alitakiwa kuzifunga upya nyuzi nane mbele ya watu, na nyuzi za siku hizi ni za nailoni, ambayo huendelea kunyooka baada ya kukazwa. Nyatiti iliyofungwa dakika moja iliyopita itakuwa imeshuka kabla ya ubeti wa pili. Ikikazwa mno, uzi unakatika. Kwa hiyo alikaa kimya katika nyimbo ambazo angeweza kupiga vizuri kabisa, na ukimya huo ukahesabiwa kama uvivu. Juu ya hayo, ala, nyuzi, njuga za mguuni na pete ya chuma ya kidole cha mguu vyote vilikuwa vyake. Kinanda kilikuwa cha chama.

Marekebisho yalifanywa Julai. Nyimbo za kila kazi sasa hupangwa katika mafungu mawili, kila fungu likiwa na ufunguo mmoja unaoifaa nyatiti. Anafunga upya wakati wa hotuba au maombi, si chini ya dakika 15 kabla ya fungu la pili, kisha anazirekebisha tena dakika mbili kabla ya kuanza. Soprano walishusha nyimbo mbili kwa toni moja, na kwa kusema kweli zikapendeza zaidi. Anayekuja na ala yake hupewa shilingi 500 kwa kazi, zinazotolewa pamoja na gharama, na analipwa sawa na mwimbaji. Mzee alirudi. Sasa anapiga nyimbo saba au nane, na vijana wawili wanajifunza kwake.

Matokeo

Zamu za kwanza zilileta hasara. Katika kazi moja ya Juni, waliopangwa walikuwa wengi wapya, soprano wakaingia mapema katika wimbo wa kuingia bibi harusi, na mteja akakata 5,000 kwenye malipo ya mwisho. Kanuni ikaongezwa: katika kila wanne wa sauti moja, wawili wawe wameshaenda kazi tano au zaidi. Tangu hapo hakuna mteja aliyekata malipo.

Kufikia Januari iliyofuata waliohudhuria walikuwa 43. Waliofuzu nyimbo nane waliongezeka kutoka 16 hadi 29. Michango ilirudi shilingi 12,000 na deni la ukumbi likalipwa. Wimbo ule wa dakika nne sasa humalizika chini kwa pungufu ya nusu toni, na siku nyingine haushuki kabisa. Mama wa alto aliyeimba fa ameshaenda kazi sita.

Waimbaji wawili wa tena walirudi. Wawili hawakurudi, wameanzisha kikundi chao, na hutafutwa kujaza nafasi waimbaji wa tena wanapopungua. Mahusiano ni ya heshima.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kwa maoni yetu, chama hiki kilikuwa vyama viwili chini ya jina moja. Kimoja kilikuwa cha kusaidiana: ada ya mwezi, rambirambi, mahali pa kwenda jioni. Cha pili kilikuwa kikundi cha kazi kinachouza muziki. Kila kimoja kina haki yake. Katika cha kwanza watu wote ni sawa. Katika cha pili ubora lazima uchaguliwe, maana mteja amelipa. Ugomvi ulizuka mahali ambapo mali ya cha kwanza iligharimia cha pili bila mpaka kuchorwa. Mgawanyo wa 50, 30 na 20 ndio mpaka huo.

Tabia ya kuchagua wale wale ilitoka kwenye mashindano. Walimu wengi wa kwaya nchini wamelelewa na tamasha za shule, na huko kumchukua aliye bora na kumwacha mwingine ni sahihi, kwa sababu kombe linarudi shuleni kwa wote. Katika chama cha wanachama kombe ni noti ya elfu moja, nayo inarudi mfukoni mwa mmoja. Mwalimu huyu hakuwa na upendeleo wa makusudi. Alitumia kipimo sahihi mahali pasipofaa, na hakukiweka wazi ili wengine wajue wafanye nini wakifikie.

Kuna kosa la mkutano wa Aprili ambalo halikusemwa sana. Mwalimu wa kwaya alivuliwa uenyekiti, pesa na uteuzi kwa siku moja, bila kupewa chochote. Alikuwa amefundisha bure miaka saba, na uteuzi ndio uliokuwa heshima yake pekee. Mei alikaribia kuondoka, na angeondoka na nyimbo zote, kwani nakala asili za solfa zilikuwa nyumbani kwake. Ndipo chama kikaanza kumlipa shilingi 4,000 kwa mwezi kutoka mfuko wa mafunzo na kunakili nyimbo zote kwa ajili ya maktaba ya chama. Haya mawili yalipaswa kuwa katika kura ile ile ya Aprili.

Mpangilio wa hatua ulisaidia. Hesabu ilitangulia, kisha nafasi, kisha sauti. Duara la kuchanganyika lilipojaribiwa Februari, kabla ya hesabu, watu walisimama karibu na wasiotaka kuwasikia na wakaimba kwa mabega yaliyokaza. Pumzi ilikuwa juu, kifuani, na ufunguo ukashuka vile vile. Duara lile lile Mei lilifanya kazi ndani ya wiki tatu. Mwimbaji anayemshuku jirani yake hujilinda kwa sauti, na hakuna zoezi la pumzi linaloliondoa hilo mapema.

Yaliyo mezani kwa mkutano ujao

Nyimbo za mwimbaji mmoja bado zinashikwa na soprano wawili tu, na utaratibu wa kufuzu haukuzigusa. Pendekezo ni kila wimbo wa namna hiyo uwe na waimbaji wawili waliofuzu, wakipeana zamu kazi kwa kazi.

Waimbaji wa tena bado ni watano, kwa hiyo zamu yao ni ya jina tu. Karibu wote huenda kila mara na wanachoka. Besi wawili wenye sauti nyepesi wamejaribiwa juu. Mmoja anaweza. Wa pili hukaza koo akipita mi ya juu, na kiongozi wa tena ameomba asilazimishwe. Kamati inataka kutangaza nafasi za sauti ya tena pekee kwa miezi mitatu, bila kiingilio, na rambirambi zianze kuwahusu baada ya miezi sita ya ada.

Swali la aliyeondoka, kama anadai sehemu ya spika na sare alizochangia, limeahirishwa mara mbili. Rasimu iliyopo inasema anarudishiwa nusu ya bei ya sare yake na hadai ala. Imetumwa kwa wanachama wote mwezi mmoja kabla ya kura.